Kikosi cha watu wanne

Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vijana wetu wa Ujiji walibaki barazani na simu zao, nasi tukawalaumu kwa Free Fire. Ni mchezo wa kuuana, na hilo halitupendezi. Hata hivyo, tulilaumu bila kuutazama. Huchezwa kwa intaneti, mara nyingi kwa kikosi cha watu wanne: mmoja hutangulia, mwingine hulinda nyuma, mwenye akiba ya risasi humgawia aliyeishiwa, na asiyesikiliza wenziwe huwaponza wote. Wavuvi wa dagaa wanaujua utaratibu huo. Usiku usio na mbalamwezi kila mtu ana nafasi yake chomboni, na wavu huvutwa kwa sauti moja.

Mwaka 2006 jarida la Wired la Marekani lilisimulia habari za Stephen Gillett, aliyeajiriwa Yahoo. Uongozi wake wa kundi la wachezaji wa World of Warcraft ulihesabiwa miongoni mwa sifa zake.

Adhana ya Magharibi haingoji mchezo uishe. Na masanduku ya kubahatisha yanayonunuliwa humo kwa fedha yanakaribia mno kamari iliyoharamishwa katika Surat Al-Maidah, aya ya 90. Hapo mzazi asilegeze. Lakini kijana awezaye kuwapanga wenziwe watatu, mbona hajawahi kukabidhiwa daftari la mauzo ya dagaa wa babake pale Kibirizi?