Shilingi Inayoishia Namanga

Tumezoea kuambiwa kwamba Mtanzania anayepata tabu ya kulipa akiwa nje ya nchi ana upungufu wa elimu: hajui matumizi ya kadi, anaogopa benki, anapenda kutembea na fedha taslimu. Napinga maelezo hayo. Mama mfanyabiashara wa Tandika anayefunga dola kwenye pindo la kanga kabla ya kupanda basi la Nairobi si mjinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Tuitazame hesabu hiyo. Shilingi yake mara nyingi hupitia dola kabla ya kuwa shilingi ya Kenya: ananunua dola Dar es Salaam, anaiuza Nairobi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila mabadilishano yanammega asilimia 3. Shilingi 1,000,000 inakuwa 970,000, kisha 940,900. Shilingi 59,100 zimeyeyuka kabla hajagusa gauni moja la Eastleigh. Akiamua kutumia kadi ya benki yake yenye nembo ya Visa au Mastercard, hapo tena benki yake, benki ya muuzaji na mwenye mtandao wote wana mkono kwenye sahani moja. Mashine ikimwuliza kwa upole kama angependa kulipa kwa fedha ya kwao, akikubali, aghalabu huuziwa kiwango kibaya zaidi. Kadi ya mkopo ndiyo kabisa: hiyo humfuata mwenye mshahara unaopitia benki, si mwenye meza sokoni.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ndiyo iliyotoa shilingi iliyotumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hadi nchi hizi zilipoanza kutoa sarafu zao mwaka 1966. Ilikuwa fedha ya mkoloni, nami siililii. Lakini ni aibu kwamba mkoloni alimvusha mchuuzi mpakani kwa wepesi kuliko tunavyomvusha sisi. Viongozi wetu walisaini itifaki ya umoja wa fedha jijini Kampala Novemba 2013 na kuahidi sarafu moja ifikapo 2024. Sasa tunaambiwa tusubiri 2031.

Kwa nini hakuna anayeona haraka? Kwa sababu wenye mamlaka ya kuharakisha hawaumii. Mtumishi mwandamizi wa umma akisafiri kikazi, posho yake hupangwa kwa dola. Uhaba wa dola uliotutesa mwaka 2023 ulimkuta mchuuzi wa Mbagala akihangaika kutafuta noti za kigeni. Ndugu zangu watumishi mnaosoma hapa, silaumu posho zenu. Nasema tu kwamba sera huandikwa na watu wasiosimama kwenye foleni hiyo.

Machi 2025 Serikali ilipiga marufuku kutoza na kulipia bidhaa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ni uamuzi wa heshima, nami nauunga mkono. Lakini heshima ya shilingi inayoanzia Mbagala na kuishia Namanga ni nusu ya heshima.

Watatokea wa kusema kwamba teknolojia bado. Si kweli. Benki Kuu yetu imejenga TIPS, mfumo unaounganisha benki na kampuni za simu ili fedha ihame papo hapo. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaoziunganisha benki kuu za Jumuiya una umri wa zaidi ya miaka kumi, ila unatumika kupitia benki, na muuza mitumba wa Temeke hajawahi hata kusikia jina lake. Tangu 2015 kampuni za simu zimewezesha kutumiana fedha kati ya Tanzania na Kenya, lakini hayo ni makubaliano ya kampuni na kampuni, kwa bei wanazopanga wenyewe. Huko Asia, raia wa Thailand akiwa Malaysia au Indonesia huskani msimbo wa QR dukani na kulipa kwa simu yake. Nchi hizo hazina sarafu moja. Zina utashi.

Wengine watataja utakatishaji wa fedha. Nawauliza: kipi ni rahisi kufuatilia, muamala wenye namba na jina, au noti zilizofungwa kwenye kanga?

Na tusidhani kadi za kimataifa zinatosha. Machi 2022 Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zake Urusi, na kadi za Warusi zikakoma kufanya kazi nje ya nchi yao. Sizungumzii vita; nazungumzia umiliki wa barabara. Anayepita katika barabara ya mwenzake hana neno siku geti likifungwa.

Tudai basi jambo moja linalopimika: mifumo ya malipo ya papo hapo ya nchi za Jumuiya iunganishwe, ili Lipa Namba ya Nairobi au Kampala ilipwe kwa shilingi ya Tanzania kutoka simu yoyote, kwa kiwango kinachotangazwa na benki kuu na ada inayoonekana kabla mtu hajabonyeza. Wanafunzi, waulizeni wabunge wenu wa Afrika Mashariki. Watumishi wa umma, liandikieni waraka. Mama wa Tandika amekwisha fanya sehemu yake: amejifunza mipaka yote, lugha zote za soko na mbinu zote za kuficha noti. Elimu wanayoihitaji sasa ni wale wanaomwandalia semina.