Ngoma za Ukambani zisiishie jukwaani

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa na karibu kila mgeni wa heshima anayealikwa kufungua mashindano ya muziki shuleni. Baada ya makofi, watoto huvua mapambo, vikombe hutiwa kabatini, na mila yenyewe husahauliwa hadi msimu mwingine. Hali hii yafaa itazamwe upya, hasa katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako hazina ya nyimbo ni kubwa nao wazee waijuao wanazidi kupungua.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lastahili shukrani. Pasipo tamasha hilo, wanafunzi wengi wa Ukambani wasingeijua mbeni, ngoma ya vijana yenye miruko na sarakasi, wala mdundo wa kilumi. Lakini jukwaa lina dakika chache. Mwalimu atakaye ushindi huchagua beti zipendezazo na kuhimiza mwendo. Mwanafunzi hujua mguu upi utangulie. Hajui wimbo ulitungwa kwa ajili gani.

Kilumi si ngoma ya mchezo. Ni ya kinamama wazee hasa, na ndio waipigao. Ilichezwa ili kuomba mvua kwenye mathembo, yaani mahali patakatifu pa tambiko, na kuwatuliza waliosumbuliwa na pepo. Katika nchi kame kama hii, maneno ya wazee ni kumbukumbu ya taifa. Njaa zenyewe zina majina: Ngomanisye, ya mwisho wa karne ya 19, na Nikw'a ngwete, ya miaka ya 1980, yaani nafa hali nimeshika fedha. Fedha ilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo. Kuna pia myali, nyimbo za kukosoa wavivu na wenye choyo, na nyimbo za mwethya zilizoimbwa watu wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko.

Wapo wazazi na wachungaji watakaopinga. Tangu Africa Inland Mission ilipofungua kituo chake cha kwanza huko Nzaui, Makueni, mwaka 1895, waumini wengi wamefunzwa kuziepuka ngoma za jadi. Dhamiri iheshimiwe: mtoto asilazimishwe kucheza kilumi. Walakini kuandika maneno ya bibi yake si kuabudu pepo, kama vile kusoma habari za Wayunani wa kale si kumsujudia Zeus.

Kazi ya kuandika si ngeni. Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Uswidi, aliishi na Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika kitabu kinene juu ya maisha yao. Mgeni aliyelazimika kujifunza lugha kwanza aliweza. Mwanafunzi wa Mwingi au Wote, aliyenyonya Kikamba kwa mamaye, atashindwaje?

Rai yetu ni hii. Kabla ya kupanda jukwaani, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja na, kwa idhini yake, aandike wimbo mzima kwa Kikamba: uliimbwa na nani, lini, kwa sababu gani, na maneno magumu yana maana gani. Daftari hilo lihifadhiwe maktabani, na jina la mzee liandikwe humo akipenda. Waamuzi nao watoe alama kwa maelezo, si kwa miruko pekee. Serikali za kaunti zisikae kando, kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni imezipa wajibu wa kuyaandikisha na kuyahifadhi.

Hayo yote hayahitaji fungu kubwa la fedha. Yahitaji kalamu, subira, na mwalimu atakayewatuma wanafunzi kwa wazee likizo ijayo, maadamu wangalipo wa kuulizwa.