Mtoto Haitiki: Ni Ukaidi au ni Masikio?

Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho sasa kimo karibu katika kila nyumba ya bonde letu, kuanzia Kidatu hadi Mlimba. Ni vile vipokea sauti vinavyoingizwa ndani ya tundu la sikio, ambavyo vijana huviita eafoni. Hatusemi vile vikubwa vinavyofunika sikio lote kwa nje. Tunasema vidogo, vyenye kofia laini ya raba inayoziba tundu kama kizibo kinavyoziba chupa, hata aliyevivaa asisikie ya duniani. Vingine vina waya, vingine havina. Huunganishwa na simu, au na ile redio ndogo ya kadi ambayo mtu huipeleka kibandani kujaziwa nyimbo.

Kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Siku moja tulikuwa tukihudumia foleni ndefu ya wagonjwa katika zahanati mojawapo ya huku bondeni. Tuliita jina la kijana mmoja wa kidato cha pili mara tatu. Alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka mlangoni, wala hakugeuka. Mara ya nne tulimfuata, tukaona waya unaning'inia shingoni, tukamsema mbele za watu kwamba hana adabu, na kwamba aseme kama amekuja kutibiwa au kusikiliza muziki. Mama yake naye akadakia kuwa ndivyo alivyo hata nyumbani, akiitwa haitiki, na shuleni amekwisha kuchapwa kwa sababu hiyo hiyo. Tulipozitoa zile eafoni, kofia zake zilikuwa zimelowa usaha. Masikio yote mawili yalikuwa yakitoka usaha kwa vipindi tangu utotoni, na watu wa nyumbani walikwisha kuzoea. Alifungua sauti hadi mwisho kwa sababu bila hivyo hakusikia vizuri. Na baada ya kuzivua tulimwita tena tukiwa nyuma yake, hakugeuka. Kumbe alichapwa kwa sababu ya ugonjwa, na sisi wauguzi tukaongeza aibu juu ya fimbo.

Tangu siku ile, mzazi akituletea mtoto na kusema "huyu ni mkaidi", tunaanza na masikio.

Tueleze kidogo namna sikio linavyofanya kazi. Sauti huingia tunduni, hutikisa ngozi nyembamba iitwayo kiwambo, kisha mtikisiko hupitishwa na vifupa vitatu vidogo mno hadi kwenye kiungo chenye umbo la konokono. Ndani ya konokono huyo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Zifikirieni kama shamba la mpunga. Upepo ukipita, mpunga huinama ukainuka tena. Likipita kundi la ng'ombe, kuna unaoinuka na kuna usioinuka. Tofauti ni kwamba shamba hili halipandwi mara ya pili. Ajabu ni kuwa kuku anaweza kuotesha seli hizi upya zikifa, lakini binadamu hana uwezo huo, na hakuna kidonge wala sindano ya kumsaidia.

Wazee wetu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka ule mlio masikioni, kama nyenje wanaolia usiku. Aghalabu mlio ule uliondoka dawa ilipokwisha. Kijana anayetoka kwenye muziki mkubwa akausikia mlio kama ule, au akahisi masikio yamejaa pamba, asiudharau. Sikio lake linalalamika. Likipumzishwa siku moja au mbili huenda likatulia. Likirudiwa kila siku, iko siku halitatulia.

Kiasi cha sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila hatari kubwa. Huo ni ukubwa wa kelele za barabara yenye magari mengi. Kwa mtoto ni desibeli 75. Lakini desibeli hazihesabiwi kama debe za mpunga. Kila zinapoongezeka 3 tu, muda wa usalama hupungua nusu nzima. Desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, 86 ni saa 10. Zikifika 95 unabaki na saa moja na robo, na zikifika 100 unabaki na dakika kama 20 kwa wiki nzima. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kufika desibeli 100 au kupita. Mpanda basi anayetoka hapa Ifakara kwenda Morogoro na muziki wa namna hiyo amekwisha kumaliza posho yake ya wiki kabla ya kufika Mang'ula. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa starehe za namna hii.

Je, tuwanyang'anye? Wapo wazazi wanaosema hivyo, wakituambia kuwa enzi zao mambo haya hayakuwepo. Yalikuwepo. Walkman ya Sony ilitoka mwaka 1979, na sisi tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi tulikuwa na moja bweni zima, tukigawana sikio la kushoto na la kulia hadi betri zikaishiwa nguvu na mwimbaji akaanza kunguruma. Tena nyumba nyingi zimepata amani tangu eafoni zilipokuja. Mnakumbuka wenyewe sabufa ya jirani inavyotikisa bati usiku wa manane.

Hata hii tabia ya kuziba, inayolaumiwa sana, ina faida yake, nasi hatuoni haya kuitetea. Eafoni za kawaida zisizoziba huacha kelele za nje ziingie. Basi likinguruma, msikilizaji huongeza sauti ili aushinde mngurumo. Zile zenye kofia ya raba iliyokaa sawasawa hupunguza kelele za nje kwa desibeli 15 hadi 25 hivi, kwa hiyo mtu anaweza kusikiliza kwa sauti ya chini na akaridhika. Ila kofia lazima ilingane na tundu. Ikiwa ndogo mno, besi hupotea, na mwenyewe hudhani simu ni mbovu, akaongeza sauti. Zikinunuliwa mpya, mara nyingi huja na kofia za ukubwa mbalimbali, ambazo watu wengi huzitupa pamoja na karatasi.

Basi aliyeketi ndani ya basi na atumie zinazoziba, kwa sauti ndogo. Ugomvi wetu unaanza anaposhuka.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Mwenye baiskeli hana kioo cha kuonea nyuma, kioo chake ni sikio. Siku hizi kuna bodaboda, bajaji na pawatila zinazotoka mashambani, na tangu daraja la mto Kilombero lilipozinduliwa mwaka 2018 magari ya kwenda upande wa Mahenge na Malinyi hayasubiri tena kivuko. Ipo pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo watu wetu wameigeuza njia ya miguu, hasa wakati wa masika njia nyingine zikijaa maji. Anayetembea juu ya reli na masikio yaliyozibwa ameuacha uhai wake mikononi mwa dereva wa treni, na treni haisimami kama baiskeli. Wenye bodaboda nao tunawasihi kwa namna ya pekee. Wengine huficha eafoni chini ya kofia ngumu na abiria nyuma anapiga kelele "simama!" bila kusikiwa.

Shambani pia. Watoto wanaopelekwa kuamia ndege kwenye mpunga siku hizi huenda na redio ya kadi. Hatuwalaumu, kazi ile inachosha na jua ni kali. Lakini nguruwe pori hatangazi habari zake, wala nyoka aliyemo majanini, wala mwenzako anayeita kutoka shamba la pili. Sikio moja liachwe wazi, angalau.

Na wale wa mashine za kukoboa mpunga: wapo wanaovaa eafoni na kufungulia muziki ili wasisikie kelele za mashine. Sikio halipati nafuu hapo, kwa maana kelele ya mashine inayopenya huongezewa kelele ya muziki. Kizibo kisicho na muziki ndicho kinga.

Sasa jambo linalotusumbua zaidi sisi wauguzi, nalo ni uchafu. Eafoni moja hutumiwa na dada, kaka, binamu, na rafiki wa shuleni. Tundu lililozibwa kwa saa nyingi, katika joto letu hili, hupata unyevu, ngozi hulainika, na vijidudu hustawi. Nta nayo, ambayo kwa kawaida hutoka yenyewe polepole, husukumwa ndani kila eafoni inapoingizwa. Halafu mtu huifuata kwa njiti ya kiberiti au kipini cha nywele, na hapo kiwambo hutobolewa. Tumewahi pia kutoa kofia ya raba iliyobaki ndani ya sikio la mtoto wiki nzima. Kofia hizi huvuliwa kwa urahisi, zioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa kabisa, na kila mtu awe na zake. Sikio linalotoka usaha lisitiwe eafoni kamwe. Wala lisitiwe mafuta, wala maji ya majani, wala dawa ya jirani. Lipelekwe kituoni, na nyumbani likaushwe mara tatu kwa siku au zaidi kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa ncha. Usaha uliokwisha kuzoeleka nyumbani ndio unaowaibia watoto wa bonde hili usikivu, pengine kuliko muziki wowote.

Mzazi atajuaje? Watu wamezoea kusema: kama jirani anausikia muziki wako, sauti ni kubwa mno. Kipimo hicho hakifai kwa eafoni zinazoziba, kwa kuwa sauti haitoki nje. Mtoto anaweza kuketi karibu nawe kimya kama mtakatifu, na ndani ya sikio lake kuna ngoma ya harusi. Njia iliyo bora ni kuweka sauti mkiwa ndani, mahali penye utulivu, isipite sehemu 6 katika 10 za uwezo wa simu, kisha isiongezwe njiani. Baadhi ya simu zina mahali pa kuweka ukomo wa sauti, mwombeni kijana awaonyeshe. Wala asilale nazo. Anayeingia kwenye chandarua na eafoni masikioni husikiliza saa saba bila kujua.

Tena msikilizeni anavyosikia. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Mtoto husikia kuwa unasema, lakini hatambui unachosema, "fika" na "shika" kwake ni neno moja, "saba" na "shaba" vilevile. Hujibu "eeh?" mara kwa mara, huongeza redio, hutazama midomo yako, na darasani maendeleo hushuka. Mwiteni kwa sauti ya kawaida akiwa amewapa kisogo.

Wanakwaya wasidhani wamepona. Sikio halijui kama wimbo ni wa kwaya au wa dansi, na tumeona spika za jumuiya zikielekezwa kwenye benchi la watoto wa mbele hadi wale wadogo wanaziba masikio kwa vidole. Wale watoto wana akili kuliko fundi wa mitambo.

Yule kijana wa kidato cha pili alipewa dawa ya matone kwa wiki mbili na mama akafundishwa kukausha. Sikio la kulia lilikauka, kiwambo kikaonekana kimefunga. La kushoto linahitaji mtaalamu, na safari yake inachangishwa. Tulimwandikia mwalimu barua ili akalishwe dawati la mbele, upande ambao sikio la kulia litamwelekea, na mwalimu akakubali. Eafoni zake anazo mama, zimefungwa kwenye pindo la khanga, na kila wanapokuja kliniki kijana huuliza, kwa adabu kabisa, kama siku yake imefika. Bado.