Form ni Diani? Kabla utume deposit ya BnB, soma lile jina

Novemba ikifika hapa Murera, kila grupu ya WhatsApp inageuka ofisi ya utalii. Form ni Coasto. Wasee wanachanga mdogo mdogo, mmoja anapewa kazi ya treasurer, na kabla wiki iishe kuna mtu ashaangusha linki ya nyumba Diani: vyumba vitatu, swimming pool, dakika mbili hadi beach, bei tamu. Mwenyewe anajibu haraka na ana heshima. Anasema tu kuna watu wengine wanaitaka hiyo tarehe, so nusu itumwe leo.

Hapo ndio watu huchezwa, na si ati ni mafala. Shida ni kwamba hata BnB za ukweli hapa Kenya zinafanya hivyo hivyo: stori WhatsApp, deposit M-Pesa, mara nyingi kwa namba ya mwenye nyumba ama caretaker. Mkora hahitaji kuhack kitu. Anaiba picha za nyumba ya mtu, anafungua ukurasa Instagram, ananunua followers, kisha anaiga vile biashara safi hufanyika.

Sasa mnashuka SGR Miritini, mnatafuta gari ya Diani, na saa mbili usiku mko kwa gate na mabegi. Watchman anawaambia hii ni nyumba ya familia, haijawahi kukodishwa. Namba haishiki. Mnaanza kutafuta rooms kwa bei za Disemba, na kesi si ya mkora tena, ni ya treasurer. Yeye ndiye alituma, na lazima kuna mmoja atauliza kama walikuwa wamesikizana. Urafiki wa tangu primo unaweza kufia hapo.

Kuna mahali mtego hujionyesha: jina. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa itoke, lakini wengi tunalipita mbio. Umekuwa ukiongea na mdada, jina likikuja la mwanaume, simama. Ukiambiwa ni la accountant wao, simama zaidi. Till nayo isikulaze, hata mkora anaweza kuipata.

Alafu itisha video call, si video imerekodiwa. Aanze kwa gate, aingie jikoni, afungue bomba. Kama ni mkora, network itakuwa mbaya ghafla. Picha zake pia zipitishe Google Lens, usishangae hiyo pool ikipatikana nchi ingine. Na kama una cousin Ukunda (nani hapa hana mtu Coasto?), mtumie ya boda akacheki hiyo gate.

Kulipia ndani ya app iko na maana yake. Airbnb hushikilia pesa ya mwenye nyumba hadi kama masaa 24 baada ya mgeni kuingia. Ndio sababu mkora atakuvuta mtoke huko mmalizie WhatsApp, eti kuna discount. Lakini hata app si kinga kamili. Mwaka 2023, wakora waliingia kwa akaunti za hoteli kadhaa kwenye Booking.com, wakatumia wageni meseji kupitia chat halisi ya hoteli wakiitisha namba za kadi. Meseji ya kukuambia ulipe upya ama uthibitishe kadi, pigia hoteli kwanza, kwa namba uliyojitafutia mwenyewe.

Na kama pesa ishaenda, usingoje asubuhi. Forward ile meseji ya M-Pesa kwa 456 saa hiyo hiyo, juu ikishatolewa, kuirudisha ni noma. Namba ya mkora itume 333. Alafu enda kituo chochote cha polisi upate OB, ama upigie DCI 0800 722 203, ni ya bure. Sheria ya uhalifu wa mitandao iko tangu 2018. Treasurer naye asifute chat hata kama aibu inamla. Hiyo chat, ile namba na lile jina ndio ushahidi wa polisi, na ndio atawaonyesha mabeshte wake kwa grupu.