Wasiohesabiwa

Sensa ya mwaka 2022 ilituonyesha kuwa Watanzania ni 61,741,120: wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Ukijumlisha, hesabu inatimia. Hasalii hata mtu mmoja. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2019, waliweka fungu la tatu, wakapata watu 1,524 ambao maumbile yao si ya kiume wala ya kike kamili.

Hatuamini hata kidogo kuwa maumbile hayo hukomea mpakani Namanga. Watu hao tunao, Bara na Visiwani. Lakini kijana anayelelewa akiamini kuwa hawapo, siku akikutana na mmoja wao humwona kioja, akamzomea.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawana sababu ya kulishangaa jambo hili. Wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kumjadili huntha karne nyingi zilizopita, wakaweka hukumu ya fungu lake katika mirathi. Hawakusema hayupo.

Wako pia wale ambao si mwili bali nafsi zao ndizo zisizokubali kuitwa mume wala mke. Juu yao mabishano ni makali, na tunajua baadhi ya wasomaji hawatakuwa pamoja nasi. Hata hivyo, kutokubaliana na mtu si ruhusa ya kumpiga wala kumdhalilisha. Ibara ya 12 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, wala haikumbagua yeyote.

Chukua mfano wa Saza, mkoani Songwe, ambako dhahabu huwavuta vijana kutoka kila pembe. Mtoto anayekimbia shule kwa sababu ya kuzomewa hana mbali pa kwenda: machimbo yapo jirani. Huko hakuna mwalimu wa kumtetea.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Walimu, wanapofundisha habari za uzazi, waeleze bila haya kuwa maumbile ya binadamu yana namna nyingi. Masheikh na mapadri wawaambie vijana kwamba kumdhihaki kiumbe ni kumdhihaki Muumba. Serikali nayo, kabla ya sensa ijayo, ifikirie kuongeza fungu moja katika dodoso, kwani haiwezekani kumlinda mwananchi ambaye daftari linasema hayupo.

Vijana huiga wanayoyaona kwa wakubwa. Tukianza sisi kuwahesabu wenzetu hawa, nao watajifunza kuwaheshimu.