Mafua ya Mtoto Mwenye Kisukari

Mama mmoja wa Vugiri atuandikia habari za mwanawe wa miaka 12, mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye huchomwa insulini kila siku. Mwezi wa saba, ukungu ulipotanda juu ya mashamba ya chai, mtoto alishikwa na mafua na kikohozi, akakataa chakula. Jirani akasema, "Mwache na sindano leo. Asiyekula, sukari ataitoa wapi?" Mama akaacha. Kulipokucha mtoto alikuwa akitapika na kuhema kwa nguvu. Wakamteremsha hospitali upesi, akapona. Sasa mama auliza, alikosa wapi?

Mama yangu, hukukosa kwa uzembe. Maneno ya jirani yana sura ya akili, na ndiyo sababu yadanganya watu wengi. Lakini mwili haungoji chakula tu. Unapopigana na ugonjwa, ini humwaga sukari katika damu, hata kama tumbo ni tupu. Tena insulini ikikosekana, mwili hauwezi kuitumia sukari ile. Huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, nayo hutoa asidi ziitwazo ketoni. Hizo ndizo zilizomtapisha mwanao na kumhemesha. Huweza kuua kwa muda wa siku moja au mbili.

Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, mwezi wa Januari 1922. Alikuwa mifupa mitupu, akaishi miaka 13 zaidi. Aliyemmaliza mwaka 1935 ni ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo maradhi ya kifua si mzaha kwa watu hawa.

Basi, insulini isiachwe hata siku moja. Kipimo chake chaweza kuongezwa au kupunguzwa, lakini hiyo ni kazi ya kliniki yenu. Waulizeni mapema, nao wawaandikie kwenye daftari. Mpimeni mtoto sukari kila saa nne, usiku pia. Mashine ikionyesha zaidi ya 14 (nyingine huandika 250), pimeni ketoni katika mkojo kwa vijiti, kama mnavyo. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Chakula kikimshinda, apewe uji mwepesi au chai yenye sukari kidogo, ili sindano isimwangushe. Na sukari ikishuka chini ya 4, apewe kitu kitamu saa ile ile, bila kungoja shauri la mtu.

Sasa dawa. Mafua hayana dawa ya kuyaua, huisha yenyewe. Vidonge vya kuua vijidudu, ambavyo watu hupenda kuvinunua dukani, havifai kitu hapa. Kwa homa na maumivu, paracetamol kwa kipimo cha umri wake yatosha. Aspirini asipewe mtoto. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari, na zile za kuzibua pua huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Ufikapo duka la dawa sema kwanza, "Mgonjwa wangu ana kisukari." Asali nayo ni sukari, ingawa bibi zetu huisifu. Chai ya tangawizi bila sukari ni njema. Kujifukiza si vibaya, lakini sufuria iwe mbali na miguu ya mtoto. Wako waliokwisha kuungua.

Lakini msidhani kila homa ni mafua. Apimwe malaria, hasa akiwa ametoka kulala huko bondeni. Na chupa ya insulini isiwekwe karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Joto huiharibu, nanyi mtakuwa mkichoma maji.

Akitapika mara kwa mara, akihema kwa nguvu, pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, akiwa mzito wa kuamka, au ketoni zikionekana nyingi, msingoje asubuhi. Hospitali ya Magunga iko Korogwe mjini, na njia ya milimani usiku si rahisi. Patana na mwenye pikipiki au gari tangu leo, namba yake iandikwe ukutani, na daftari la kliniki liwe mahali ambapo hata mtoto mdogo wa nyumba aweza kulipata.