Vitabu vya zamani vya picha za chapa: nani anavikusanya?

Ukishuka Mtera, katika barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ukanunua karanga, huenda ukafungiwa kwa ukurasa wa kitabu. Mara nyingi ni hesabu za shule ya msingi, hakuna hasara kubwa. Lakini karatasi za zamani hazilingani, na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, makabati mengi yamehamishwa na mengine yamefunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Huko wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila walichapa picha kwa mkono: mstari unachorwa juu ya bamba la zinki au shaba, asidi inauchimba, wino unajazwa ndani, kisha karatasi yenye unyevu inagandamizwa juu. Bamba huchoka. Kwa hiyo picha hizo, ziwe moja moja au zimefungwa pamoja kama kitabu, hutoka chache.

Lilanga alifariki mwaka 2005, na leo kazi zake zimo katika makusanyo ya nje, likiwemo la Jean Pigozzi. Kwetu, sheria ya maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za vitabu, lakini msanii anayeshona kurasa zake mwenyewe ni nadra kujihesabu kuwa mchapishaji. Hapo ndipo kazi inapopotea bila mtu kujua kwamba ilikuwepo.

Utaitambuaje? Pitisha kidole: bamba huacha mbonyeo kuizunguka picha. Chini tafuta saini ya penseli na namba kama 7/30, maana yake nakala ya saba kati ya 30. Ukiona vitone vidogo vya rangi kwa kioo cha kukuzia, hiyo ni ya kiwandani.

Adui wa Mtera ni mchwa na vumbi. Sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta, linatosha. Usibandike selotepu, na tafadhali usiipeleke stesheneri kufanyiwa laminesheni; hapo umeiua.

Akija mnunuzi, bei ya kwanza anayoitaja ni yake, si ya kitabu. Kabla ya kuuza, piga picha kila ukurasa, na jina la msanii lionekane.